Kibao cha duka kwa Kiingereza: niandike "cheap", "affordable" au "inexpensive"?

Mama_Ukili (Jambiani)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina kiduka changu hapa Jambiani, kwenye kichochoro kinachoshukia pwani. Nauza mikoba ya ukili, kofia, vipepeo na mikeka midogo. Kazi twafanya wenyewe: mie, wifi zangu, na bibi mmoja jirani ambaye kwa ukili mwembamba hana mpinzani mtaa mzima. Ukindu tunauchemsha na rangi hapo hapo uani.

Sasa Jumamosi anakuja fundi wa kuandika vibao, na ugomvi umeanza kabla hajafungua kopo la rangi. Nilitaka kibao kiseme kwa Kiingereza kwamba bei zangu ni rahisi, maana kweli ni rahisi, si za Mji Mkongwe. Fundi kasema andika CHEAP BASKETS, wageni wote wanalijua hilo. Mpwa wangu, kamaliza kidato cha sita juzi tu, akasema "cheap" ni neno la kujishusha, niandike AFFORDABLE. Mgeni mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa anajaribu kofia akajitia humo humo: hapana, "inexpensive" ndiyo ya heshima.

Nikafungua kamusi ya kwenye simu. "Cheap", visawe vyake: affordable, inexpensive, reasonable, economical, low-cost, budget. Nikazitafuta moja moja kwa Kiswahili: rahisi, nafuu, nafuu, rahisi, nafuu. Haya, kama zote ni rahisi na nafuu, hawa watu wanagombania nini dukani kwangu?

Na vinyume navyo vimenichanganya. Expensive naijua, naambiwa kila siku. Lakini kamusi imeongeza costly, pricey, dear. Dear si ile ya kwenye barua? Na "priceless" nayo, niliona mgeni kaisema huku kaushika mkoba wangu, nikadhani anauponda.

Fundi anatoza kwa herufi, kwa hiyo msinipe sentensi ya gazeti. Na mnijibu kwa Kiswahili, Kiingereza changu ni cha kuuzia tu.

PapasiMstaarabu (Nungwi)

Dada andika CHEAP ulale usingizi. Mie niko ufukweni, nauza vikoi na safari za boti. Nikipiga "cheap cheap, looking is free, Asda price!" Waingereza wanacheka, na anayecheka husimama. Akishasimama nusu ya kazi imekwisha. Hizo affordable ni za watu wa hoteli wenye viyoyozi.

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Waalaykum salaam dadangu. Ngoja nikujibu kwa urefu kwa sababu hii ndiyo kazi inayonilisha: nasahihisha Kiingereza cha watu wengine, menyu za mikahawa, vipeperushi vya hoteli, vibao vya maduka ya vinyago kuanzia hapa mpaka Malindi. Neno "cheap" nimeshalifuta mara nyingi kuliko neno lolote jingine, na kila mara mwenye duka huniuliza hivyo hivyo ulivyouliza wewe.

Kamusi yako haikudanganyi. Ila imekupa majina, haikukwambia kila mmoja humtazama nani.

"Cheap" huitazama bidhaa. Ndipo penye tatizo. Ukiandika "cheap baskets" umelibandika neno juu ya kikapu chenyewe, na mgeni husikia mambo mawili kwa pamoja: bei ndogo, na kikapu duni ambacho mkono wake utachomoka kabla hajafika uwanja wa ndege. Sasa angalia kitu ambacho kamusi nyingi hazikielezi. Ukilitenga lile neno na kitu, ukali wake hupungua. "A cheap dress" ni nguo ya ovyo. "The dress was cheap", mwanamke wa Kiingereza atakwambia hivyo kwa furaha akikuonyesha nguo aliyoipata sokoni. Na ukilinganisha, "cheaper than in town", hapo halina ubaya wowote, ni hesabu tu. Kwa hiyo mpwa wako ana haki nusu: aibu iko katika mahali lilipowekwa neno zaidi kuliko katika neno lenyewe.

"Affordable" humtazama mnunuzi, hasa mfuko wake. Ni neno la nyumba, matibabu, karo. Serikali husema "affordable housing", Kenya hapa tumelisikia hilo mpaka masikio yamechoka. Linasema: kuna mtu ana pesa kidogo, naye ataweza. Sasa wewe unamuuzia mtu aliyekuja fungate, amelala hoteli yenye bwawa. Kumwambia mkoba wako ataumudu ni kama kumpa pole asiyefiwa. Halimtukani, lakini halimhusu.

"Reasonable" humtazama muuzaji. Linasema huyu hatakulalia. Hili hukaa na neno "prices": "reasonable prices". Ni zuri, la adabu, ila limechakaa. Kila duka la ukumbusho lisilo na jambo jingine la kujisifia hulitumia.

"Inexpensive" halimtazami yeyote, limekanusha tu: si ghali. Mholanzi wako amesema kweli kuhusu heshima. Lakini ni neno la kuandikwa, la vitabu vya watalii na magazeti. Sijawahi kumsikia mtu akiliita kwa sauti barabarani. Herufi kumi na moja, fundi wako atafurahi.

"Economical" liache kabisa. Hilo ni gari lisilokunywa mafuta mengi, au mfuko mkubwa wa sabuni unaokaa mwezi. "Budget" na "low-cost" ni za hoteli na ndege.

Na tahadhari moja inayotuhusu sisi tu. "Rahisi" yetu ina kazi mbili, bei na wepesi. Kiingereza huzitenga, cheap huku, easy kule. Wanafunzi wetu huandika "the exam was cheap" wakimaanisha mtihani ulikuwa mwepesi, na kuna kibao nilikiona Diani, EASY PRICE, mwenyewe alikuwa anajivunia. Tena bei yenyewe hainunuliwi. Kinachonunuliwa ni kitu, kwa hiyo kitu ndicho kiwe "cheap" au "expensive". Bei huwa "low" au "high". Waingereza wenyewe husema "cheap price" wakiongea, sikatai, lakini ubaoni andika "low prices".

Vinyume nitavirudia baada ya Magharibi, wageni wangu wamefika.

PapasiMstaarabu (Nungwi)

Bi Kibokoni hizo nadharia. Mimi nina mauzo.

Meza_ya_Vitambaa (Leeds)

Salaam kutoka kwenye baridi. Mimi ni mtu wa Tanga, nauza vitambaa katika soko la Kirkgate hapa Leeds, kwa hiyo "cheap" nalisikia kutwa nzima kutoka kwa wenyewe.

Kwanza namtetea kidogo Papasi. Waingereza wanalo "cheap and cheerful", na hiyo ni sifa: kitu cha bei ndogo, hakina makuu, lakini kinafurahisha. Mkahawa wa meza za plastiki wenye chakula kitamu utaambiwa hivyo. Wanalo "cheap as chips", rahisi kama chipsi. Na wakisema kitu ni "a bargain" au "a steal" wanakisifu kabisa, maana hapo kitu ni kizuri na bei ndiyo iliyokosea. "Steal" hiyo si wizi jamani, msikimbie.

Halafu hilo "Asda price" unaloimba, Papasi, je, unajua limetoka wapi? Asda ni duka kubwa, makao makuu yake yapo hapa hapa Leeds. Tangu miaka ya 1970 matangazo yao ya televisheni yalionyesha mteja akijipigapiga mfuko wa nyuma wa suruali, chenji zinalia, maana yake pesa imebaki. Ndiyo maana Mwingereza wa umri fulani akilisikia Nungwi hucheka: umemkumbusha televisheni ya utotoni. Mmarekani au Mpolandi humfanyii chochote.

Na angalia, tangazo lile halikusema "cheap". Lilionyesha mfuko.

Kuna kisa kingine cha soko hili. Mwaka 1884 alikuja mhamiaji Myahudi kutoka Slonim, mji ambao leo uko Belarusi, jina lake Michael Marks. Alikodi meza hapa Kirkgate. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, pengine chini ya chako Mama_Ukili. Kubishana bei hakuweza. Akapanga vitu vyote vya bei moja pamoja na kuandika juu yake: "Don't ask the price, it's a penny". Usiulize bei, ni peni moja. Baadaye akashirikiana na Thomas Spencer, na duka lao ndilo Marks & Spencer mnalolijua. Saa ya ukumbusho wao imesimama humu sokoni, mimi huiangalia kujua kama muda wa chai umefika.

Mama_Ukili (Jambiani)

Ahsanteni sana, mpwa wangu anasoma hapa na amenuna kwa lile la "haki nusu". Lakini kaka wa Leeds, aibu hii ya "cheap" imeanza wapi? Bei ndogo ni neema. Kwetu mtu akikwambia kitu hiki bei chee, wakimbilia.

Meza_ya_Vitambaa (Leeds)

Mwanzo hapakuwa na aibu, hata kivumishi hakikuwa. Katika Kiingereza cha kale "ceap" ilikuwa biashara, manunuzi, na wataalamu wengi huirudisha kwenye Kilatini "caupo", mchuuzi au mwenye nyumba ya wageni. London pana mtaa unaitwa Cheapside. Mgeni hudhani ni upande wa vitu rahisi, kumbe ni upande wa soko. Vichochoro vinavyoungana nao bado vinaitwa Bread Street (mkate) na Milk Street (maziwa), na mbele kidogo Poultry (kuku), kila bidhaa na mahali pake. Miji kama Chipping Norton ina mzizi huo huo, soko. Kijerumani "kaufen", kununua, ni ndugu yake.

Watu wakasema "good cheap", yaani biashara nzuri, umenunua vyema. Kufikia karne ya 16 "good" ikadondoka, "cheap" ikabaki peke yake na kazi yote. Sifa iliyokuwa ndani ya "good" ikaondoka nayo. Hayo ya mwisho ni maneno yangu, lakini nadhani ndivyo.

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Nimerudi. Kaka wa Leeds, hapo umenifurahisha. Wafaransa bado wanayo "bon marché" kamili, biashara nzuri, hawakuidondosha. Na Wajerumani wameipitia njia ile ile kwa neno jingine: "billig" zamani ilikuwa ya haki, inayostahiki, leo ni rahisi na duni. Muuzaji wa Kijerumani anayejiheshimu husema "günstig" au "preiswert". Kwa hiyo dada si kosa la Waingereza peke yao. Neno lolote la bei ndogo likikaa sana mdomoni mwa wauzaji huota kutu.

Sasa vinyume. Watu hutaka kinyume kimoja, wakati neno lenye maana tatu lina vinyume vitatu. "Cheap" ya bei, kinyume ni "expensive". "Cheap" ya uduni, kinyume ni "well made" au "good quality", wala si expensive; kuna vitu ghali vya ovyo chungu nzima, na hivyo Kiingereza huviita "overpriced", umelipishwa kuliko thamani. Ya tatu ni ya mtu, nayo Wamarekani ndio waipendao: "my husband is cheap", mume wangu bahili, mkono wa birika. Kinyume chake ni "generous". Mwingereza kwa bahili angesema "mean" au "tight", na Mmarekani akisikia "mean" ataelewa mtu mkatili, mwenye roho mbaya. Nimeshaona mke na mume, yeye wa Ohio mumewe wa Kent, wakizozana mkahawani kwa sababu ya hilo, na mhudumu kasimama na bili hajui ampe nani.

"Costly" mara nyingi si ya dukani. Makosa ni "costly", vita ni "costly", kesi mahakamani pia. "Pricey" ni ya maongezi, ghali kidogo, husemwa kwa kukunja pua. "Dear" ndiyo ile ile ya barua, dada. Wazee wa Uingereza na watu wa Ireland bado husema "that's very dear", ghali mno hiyo. Kipenzi na ghali neno moja. Wafaransa hivyo hivyo, "cher". Malindi kwa Waitaliano wetu ni "caro": mume humwita mkewe "cara" halafu hukugeukia wewe na "troppo caro!" kwa pumzi ile ile.

"Priceless" sasa. Mgeni wako hakuuponda mkoba, alikusifu. Haina bei kwa maana hakuna bei itakayoifikia. Isiyo na thamani ni "worthless". Na "invaluable" nayo ina mtego huo huo, inaonekana kama inakanusha kumbe inazidisha: msaada wenye thamani kubwa mno. Ila "priceless" hutumika pia kwa mzaha, mtu akifanya kichekesho. Kama alikuwa anacheka, alicheka kitu kingine.

Mwana_Mutrah (Maskati)

Nachomeka kidogo. "Rahisi" tumeitoa kwenye Kiarabu "rakhis", na huko ni bei tu, pamoja na mtu asiye na heshima. Wepesi ni "sahl", ndiyo "sahali" yetu iliyobaki kwa washairi. Kwa hiyo ile kazi ya pili ya rahisi tumeiongeza Waswahili. Na "ghali" huku Maskati ni kama hiyo dear yenu: mama humwita mwanawe "ya ghali", ewe mpendwa. Kiswahili kilichukua bei kikaacha mapenzi.

PapasiMstaarabu (Nungwi)

Sawa, nimesoma yote, hata ya Kilatini. Lakini niambieni, kama "cheap" ni balaa mbona mimi nakula?

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Kwa sababu wewe unaimba, mwanangu, hauandiki. "Cheap cheap" ya mdomoni ina tabasamu, ina mbwembwe, mgeni anajua ni mzaha na wewe unajua kuwa anajua. Ubaoni hakuna tabasamu. Kibao kinasimama mwaka mzima kikieleza mali. Tena wewe wauza kikoi ambacho kila mtu ufukweni anacho, bei ndiyo mashindano yenu. Dada huyu anauza kazi ya mkono ambayo bibi jirani pekee anaijua. Akiandika cheap, amemuita mteja anayetaka kushusha, na huyo hatasimama kwenye bei ya kwanza wala ya pili. Utamjua kwa "what's your last price", ambayo nayo ni Kiingereza chetu sisi. Wao husema "best price".

Ushauri wangu, dada Mama_Ukili: usiandike kivumishi chochote. Yule Marks alikuwa na akili. Mgeni anayepita na jua la saa nane hataki kuambiwa bei ni rahisi, kila mtu kamwambia hivyo tangu atoke kwenye ndege. Anataka kujua ni ngapi bila kuingia ndani na kushindwa kutoka. Mkoba wako mdogo ni bei gani?

Mama_Ukili (Jambiani)

Kipochi elfu kumi na tano. Mkoba mkubwa wenye kifuniko, elfu arobaini.

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Basi: HANDMADE BASKETS FROM 15,000 SHILLINGS. Na chini yake, kwa herufi ndogo kama pesa inatosha: MADE HERE IN JAMBIANI. Hilo la chini ndilo linalozuia mtu kufikiri ni bidhaa ya kontena.

Mama_Ukili (Jambiani)

Mpwa anauliza kwa nini "handmade", si "hand-woven"? Na mie naogopa nikiweka bei, wa kulipa elfu ishirini nimempoteza.

Bi_Kibokoni (Mombasa)

"Woven" ni ya mtambo wa kufumia, nyuzi zinapishana. Ukili unasukwa kama nywele kisha unashonwa, Kiingereza chake ni "plaited". Wageni wengi hawatofautishi na "woven" hawataikataa, lakini kwa nini uandike kisicho sawa wakati "handmade" ni fupi na ni kweli. Mpwa ana jicho zuri, mwambie aache kununa.

Bei: "from" imeacha mlango wazi. Inasema chini kabisa ni hapa, juu tutaonana. Wa elfu ishirini hujampoteza, utamuonyesha mkoba wa elfu ishirini.

Meza_ya_Vitambaa (Leeds)

Naunga mkono. Na usiongeze "only". Wauzaji hupenda "only 15,000". Mteja akiiona huanza kujiuliza mbona unajitetea.

PapasiMstaarabu (Nungwi)

Mimi nikiweka bei ubaoni wenzangu wa pembeni watashusha kwa mia tano kabla rangi haijakauka. Lakini kwa ukili sawa, nakubali. Na "discount" je? Naiweka kabla ya bei au baada? Na ni "discount" au "reduction" au "sale"?

Bi_Kibokoni (Mombasa)

Hayo ni maneno matatu na kila moja lina ugomvi wake. Fungua uzi wako.